Pa Kale Pana Kazi Gani? Kutoka Makaburi ya Paris hadi Kengeleni

Mhadhara kwa wakaazi wa Mtopanga, Kisauni, Mombasa

Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi vijana mliojipanga kule mlangoni ili mzungumzaji akichosha mpate kutoka upesi!

Nimeitwa kuzungumzia matembezi yangu Ufaransa: makumbusho, minara, makaburi na mitaa ya kale. Nilikubali kwa sharti moja. Kila nitakapotaja mahali pa Wafaransa, nitataja na pa kwetu, maana sikuja kuwasifia watu wa mbali. Nimekuja na hoja, na afadhali niitoe mapema muanze kuipinga moyoni. Mahali pa kale hapahifadhiki kwa sababu ni pa kale. Hudumu pakiwa na kazi ya kufanya leo, na pakikosa kazi huporomoka, hata pawe na tangazo la serikali juu ya ukuta. Ila kazi nayo ina mwenye kuichagua. Mkiwaachia wengine waichague, faida itakuwa yao na hadithi itakuwa yao.

Kasri, stesheni na ngome

Tuanze na Louvre, kwa kuwa kila anayefika Paris hupelekwa huko kwanza. Ilikuwa kasri la wafalme. Mwaka 1682 Mfalme Louis XIV alihamishia makao yake Versailles, na lile kasri kubwa likabaki bila bwana. Wachoraji na wachongaji wakapewa vyumba humo wakaishi na kufanya kazi zao, na sehemu nyingine za jengo zikaachwa bila kumalizika. Kilicholirudishia uhai ni Mapinduzi ya Wafaransa. Tarehe 10 Agosti 1793 milango ilifunguliwa, na mtu wa kawaida akaingia kutazama picha ambazo hapo awali zilikuwa za mfalme na wageni wake. Kuta zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kazi yake, na mtu aliyeruhusiwa kupita mlangoni.

Ng'ambo ya mto Seine lipo jengo la Orsay. Hilo lilikuwa stesheni ya treni, ikafunguliwa mwaka 1900 wakati wa Maonyesho ya Dunia. Kabla ya miaka 40 kupita, majukwaa yake yalikuwa mafupi mno kwa treni ndefu za umeme, na safari za mbali zikahamishwa. Katika miaka ya 1970 nusura libomolewe. Mwaka 1986 likafunguliwa upya kama makumbusho ya sanaa. Nilipanda hadi juu nikasimama nyuma ya kioo cha saa kubwa ya stesheni. Mishale yake unaiona kinyume, na katikati ya mishale unaona mto na mji. Watu wa pale hawakuificha stesheni ili wapate makumbusho. Saa ya kuwaharakisha abiria sasa ndiyo dirisha la mtu asiye na haraka.

Sasa vukeni daraja la Nyali pamoja nami twende Ngomeni. Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira tangu 1696, na wakaitwaa Desemba 1698. Tangu hapo imepita mikononi mwa ukoo wa Mazrui, mikononi mwa ukoo wa Busaidi, na tangu 1895 Waingereza wakaifanya jela. Wafungwa walitolewa mwaka 1958, na baadaye ikafunguliwa kama makumbusho. UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011, ilikuta jengo zima. Kwa nini zima? Mawe ya matumbawe yana sifa yake, lakini yapo mengi pwani hii ambayo yameanguka. Ngome ilidumu kwa kuwa haikukaa bure. Kila aliyeitwaa aliona ina kazi, akaziba ufa, akaezeka upya. Hata jela, pamoja na ubaya wake, iliweka paa juu ya kuta.

Mkiingia humo, msiishie kwenye mizinga. Tafuteni ile michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno waliokuwa wakilinda buruji. Ni meli, ni watu, ni samaki, mistari ya mkono usiofundishwa. Nilizunguka vyumba vingi vya Louvre vyenye picha za wafalme waliolipa ili wachorwe. Ukuta ule wa Ngomeni umechorwa na mtu aliyechoka kulinda nchi isiyo yake, anaitamani meli ya kumrudisha. Kwangu mimi picha hiyo haipungukiwi na kitu mbele ya zile za Louvre, nayo iko nauli moja ya matatu kutoka hapa tulipo, na mwendo mfupi wa miguu.

Makaburi yanayotembelewa

Wengi mtashangaa kusikia watu huenda Paris kutembelea makaburi. Yako ya Père Lachaise, yaliyofunguliwa mwaka 1804 juu ya kilima ambacho wakati huo kilikuwa nje ya mji. Mwanzoni watu hawakutaka kuzikwa huko, wakaona ni mbali. Wakuu wa mji wakafanya ujanja wa kibiashara: mwaka 1817 wakahamishia huko mabaki yaliyoaminika kuwa ya mwandishi wa tamthilia Molière na ya mtunzi wa ngano La Fontaine. Tangu hapo, matajiri wakagombania ujirani na watu mashuhuri. Mnaona? Hata kaburi lilitafutiwa kazi.

Kaburi la mwandishi Oscar Wilde lilikuwa likibusiwa na wageni waliopaka rangi ya midomo, hata mafuta ya rangi yakaanza kulila jiwe. Mwaka 2011 likawekewa ukuta wa kioo. Mwendo mfupi kutoka hapo upo ukuta ambao tarehe 28 Mei 1871 wapiganaji 147 wa uasi wa Komuni ya Paris walisimamishwa wakapigwa risasi. Hapo hapana sanamu ya kifahari, pana ukuta na kibao. Lakini kila mwaka vyama vya wafanyakazi huandamana kwenda kuweka maua. Ukuta ule ungali na kazi ya kisiasa, ndiyo maana hakuna anayethubutu kuubomoa.

Kuna na upande mwingine ambao mgeni haonyeshwi. Makaburi mengi ya Ufaransa hukodishwa, kwa miaka 10, 30 au 50, mengine daima. Muda ukiisha na jamaa wasijitokeze, mifupa hutolewa ikawekwa mahali pa pamoja, na shimo likapewa mwingine. Kwa hiyo msidhani wenzetu humkumbuka kila maiti. Humkumbuka mwenye jina, na mwenye jamaa wa kulipa.

Kwetu adabu ya makaburi ni nyingine, na sitaki tuige mabusu ya Paris. Nje ya Fort Jesus yapo makaburi ya ukoo wa Mazrui. Oktoba 2014 alizikwa hapo Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1933 aliyefariki Marekani na akaletwa nyumbani kama alivyousia. Watalii kwa mamia hupita kando wakikimbilia lango la ngome. Sisemi tuwakatie tiketi. Nasema mwanafunzi wa Kisauni akipelekwa Ngomeni, asimamishwe hapo dakika chache, aombe dua kama ni mwombaji dua, na aambiwe kwamba huyu alisoma mji huu huu, akafundisha dunia, akataka udongo wa kwao.

Na huku kwetu bara lipo kaburi la zamani kuliko nyumba zetu zote. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Julai ya mwaka ule ule mama huyo alifariki baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa upande huu wa bara, unaotazamana na kisiwa. Krapf alibaki, akahamia Rabai, akatunga kamusi ya Kiswahili na kutafsiri sehemu za Biblia. Kaburi lile limesimama kwa kuwa kanisa lina haja nalo: ni mwanzo wa hadithi yake. Je, ni wangapi waliozikwa Kisauni mwaka ule, nasi hatujui hata upande walipolala?

Swali hilo linanipeleka barabara ya Jomo Kenyatta, kisiwani, kwenye sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zinawakumbusha askari na wapagazi wa Kiafrika. Wapagazi wale, Kariakoo ya jeshi, walibeba risasi na unga kwa mgongo kuwafuata Wajerumani huko Tanganyika, na waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Askari Mwingereza alipata jiwe lake na jina lake. Babu zetu walipata mnara mmoja kwa wote. Mnara nao una kazi, na kazi ya mnara ule ilikuwa kufunga hesabu kwa bei nafuu.

Kuta zenye hadithi mbaya

Mashariki mwa Paris lipo jumba la Porte Dorée. Lilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kikoloni ya mwaka 1931, kuwaonyesha Wafaransa utajiri wa makoloni yao. Uso wake wote umechongwa mawe: Waafrika na Waasia wakivuna, wakibeba, wakipakia meli. Leo ndani yake mna makumbusho ya historia ya wahamiaji, yaliyofunguliwa mwaka 2007. Hawakuzikwangua zile nakshi. Mgeni huziona nje, kisha akaingia ndani kukutana na picha, mabegi na barua za watoto wa makoloni waliohamia Ufaransa. Jengo limepewa kazi ya kujibishana na uso wake lenyewe.

Huko Nantes, mji wa bandari, ukitembea kando ya mto Loire unakanyaga vibao vya kioo vilivyotandazwa njiani. Ukiinama unasoma majina ya meli na tarehe. Zaidi ya safari 1,700 za biashara ya watumwa zilipangwa na wafanyabiashara wa bandari hiyo, na mnara wa kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa ulifunguliwa hapo mwaka 2012. Msidhani mambo hayo ni ya Afrika Magharibi peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa reale 20, wapelekwe visiwa vya mashamba tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Historia ya Ufaransa ilitia nanga pwani yetu, na pwani yetu ilikuwa na mkono katika kalamu iliyoweka sahihi.

Sasa teremkeni Kengeleni. Kila mmoja wetu amepita hapo mara zisizo na hesabu. Makanga anaita, tuktuk zimeziba njia, na kando ipo kengele ndani ya upinde wake mdogo, wengi hawainui hata shingo. Kengele hiyo ni ya Freretown, mji uliojengwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ukaitwa kwa jina la Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash hadi ukapatikana mkataba wa 1873 wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Ilipigwa kuwaonya wakaazi wavamizi walipokaribia.

Waliouendesha mji huo hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwapo Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay, kisha wakarudishwa pwani hii wakiwa mafundi, walimu na makatekista. Mmoja wao, William Jones, alifanywa shemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington kwenda Uganda. Askofu alipouawa Busoga, ni Jones aliyewarudisha pwani walionusurika. Je, jina hilo lipo katika barabara gani ya Kisauni?

Wala Freretown haikuwa hadithi ya malaika. Watumwa waliotoroka mashamba ya Waswahili na Waarabu walikimbilia kwa wamishonari, Rabai hasa, na wenye mali wakaja na silaha wakidai watu wao. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza iliyoitawala pwani wakati huo iliwalipa wenye watumwa fidia, na watu takribani 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fikirini: aliyelipwa ni mwenye kuwafunga, si aliyefungwa. Katika ukumbi huu huenda tumekaa pamoja wajukuu wa pande zote mbili. Ndiyo maana jambo hili huzungumzwa kwa sauti ya chini, na kengele ikabaki kuwa kituo cha matatu. Porte Dorée inatufundisha kwamba ukuta waweza kubeba hadithi mbaya bila kuanguka, ikiwa ndani yake pana watu wanaozungumza.

Mitaa, na vitu vilivyoondoka

Tahadhari moja sasa, kwa kuwa nimesifu kazi mno. Mtaa wa Marais, Paris, ulikuwa wa nyumba za mabwana wa karne ya 17. Baadaye ukachakaa, mafundi na maskini wakajaa katika nyua zake. Sheria ya mwaka 1962 ikaulinda usibomolewe, na kuta zikapona. Kodi ikapanda, na fundi aliyekuwa akigonga nyundo uani akahama. Nilipita hapo nikaona maduka ya manukato. Zanzibar wanalijua jambo hili tangu Mji Mkongwe ulipoingia orodha ya dunia mwaka 2000: nyumba nzuri hugeuka hoteli, na mwenyeji akaishi mtaa wa Ng'ambo. Mji wa Kale wa Mombasa, uliowekwa chini ya hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, una bahati kwamba bado watu huzaliwa, huoana na hukaanga viazi karai humo. Kazi hiyo ya kuishi ndiyo ya kulindwa kwanza, kabla ya mlango wa nakshi.

Vitu navyo huhamishwa. Ufaransa iliwarudishia watu wa Benin vitu 26 vya kasri la Abomey Novemba 2021, vilivyotekwa mwaka 1892, na ilibidi bunge lipitishe sheria kwanza. Sisi tuna vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Vikaibwa. Miaka baadaye vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka 2007 kigango kimoja kilirudishwa kwa ukoo wake. Zingatieni kilichokirudisha: picha, jina la mwenyewe, jina la kijiji. Visivyo na rekodi bado vimesimama sebuleni kwa watu, vinaitwa mapambo.

Mtopanga tufanye nini?

Najua lipo swali ambalo adabu imewazuia kuliuliza. Maji ya mfereji hayaji, vijana hawana kazi, nawe unatuletea habari za makaburi? Ni swali la haki. Jibu langu si utalii. Kazi inayotegemea mgeni peke yake hufa mgeni asipokuja, na pwani hii imeyaona hayo zaidi ya mara moja. Kazi ninayoizungumzia huanza na sisi wenyewe, nayo haina gharama kubwa.

Kwanza, shule zetu. Darasa lipelekwe Kengeleni kwa matatu, liichore kengele, lisimuliwe habari za Jones na za wenye mashamba, zote mbili. Darasa la juu yake liende Jumba la Mtwana, upande wa Mtwapa, mji wa karne ya 14 uliohamwa na wenyewe. Kwenye msikiti ulio karibu na bahari watoto waone birika na mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia kuswali. Mtoto akiweka mguu wake karibu na jiwe lile, hahitaji hotuba ya kumwambia kwamba hapa paliishi watu kama yeye.

Pili, daftari. Mtopanga nayo ina historia: nani alichimba kisima gani, msikiti na kanisa la kwanza vilianza chini ya mti upi, familia zipi zilikuja kwa kazi ya saruji Bamburi baada ya kiwanda kufunguliwa miaka ya 1950, makaburi yapi yamebaki katikati ya nyumba na ni ya nani. Wanaojua wapo, wamekaa safu ya mbele, na hawatakaa daima. Simu ya kila kijana hapa ina kamera. Ile picha ya 1985 ilipigwa kwa zana duni kuliko hizo, ikashinda makumbusho ya Marekani.

Tatu, tuamue wenyewe. Ukija mradi wa kupanua barabara au wa kuuza kiwanja chenye kaburi la kale, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inatoa njia ya mahali kutangazwa na kulindwa. Lakini ombi linahitaji maelezo, na maelezo yanatoka katika daftari. Asiye na maandishi hubaki kulalamika baada ya tingatinga kuondoka.

Wafaransa hawakuzaliwa wakipenda makumbusho. Walibomoa mengi, wakaiba mengi, kisha wakabishana sana kuhusu nini kibaki na kifanye kazi gani. Ubishi huo ndio ninaoutamani hapa kwetu. Napenda kuwaona watu wa Kisauni wakigombana barazani juu ya kibao cha Kengeleni kiandikwe nini, kuliko kuwaona wakikubaliana kupita bila kuinua shingo.

Karatasi zipo kwa mwalimu pale mezani. Anayejua jina la kisima chochote kati ya hapa na Kiembeni, na aliyekichimba, aandike kabla hajatoka. Vijana wa mlangoni, msimpishe mzee yeyote mpaka aandike. Sasa nipingeni.